Kila Ijumaa Nyimbo Zinapungua

Paskazia alipunguzwa kazi katika chama cha ushirika mwaka tisini na nne, pale wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba na chama kikabaki na makarani wengi kuliko magunia. Alitoka na barua ya shukrani, disketi ya programu aliyokuwa akiitumia kutunza orodha za wakulima, na ujuzi wa kompyuta ambao watu wachache walikuwa nao Mwanza wakati ule. Ujuzi huo ndio uliomfanya Liaqat amchukue. Liaqat alikuwa na duka la kanda za muziki jirani na soko la Makoroboi, alilorithi kwa baba yake, na mwaka tisini na nane aliagiza kompyuta kutoka Dubai ili nyimbo zote zihifadhiwe humo. Mteja angechagua nyimbo anazozitaka kwenye orodha ukutani, arekodiwe kanda yake, aondoke.

Ndani ya mwaka mmoja Paskazia alikuwa ameingiza nyimbo elfu moja na mia tisa. Hakuandika majina kwenye kompyuta. Kila wimbo aliupa namba, na namba hiyo akaiandika katika daftari nene pamoja na jina la wimbo na la mwimbaji. Ukimwambia wimbo, alifunua daftari, akapata namba, na kabla hujamaliza soda yako wimbo ulikuwa unalia kwenye spika. Kazi ilikwenda hivyo bila kasoro mpaka Machibya alipoajiriwa.

Machibya alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mtu wa Misungwi, aliyesoma kozi ya kompyuta Dar es Salaam. Liaqat alimtaka kwa jambo moja. Wateja kutoka vijijini walikuwa wakiulizia ngoma na nyimbo za kwao, za kulimia na za mavuno, na duka halikuwa nazo. Machibya alikuwa na redio ya kurekodia na aliwajua waimbaji. Kila Ijumaa saa sita mchana alipanda basi kwenda Misungwi, akarekodi Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi alirudi kuziingiza nyimbo kwenye kompyuta.

"Shikamoo mama Odeta," alimwambia Paskazia siku ya kwanza, akiweka begi chini.

"Marahaba. Nyimbo zako utazipa namba. Ya mwisho ni elfu moja mia tisa na nne."

"Namba tena? Mama, kompyuta hizi za sasa zinapokea jina zima. Mtu akisoma tu anajua ni nini."

Alimwonyesha. Aliandika jina la mwimbaji, kisha jina la wimbo, refu kama anwani ya barua, na kompyuta ikalikubali. Paskazia alitazama daftari lake mezani, akahisi kama mtu aliyemkaribisha mgeni na mgeni akaanza kuhamisha viti.

Jumatatu ya pili Machibya alirudi kutoka Misungwi, akafungua kompyuta, akapekua orodha mara mbili.

"Mama Odeta, nani amegusa nyimbo zangu?"

Majina yake yote yalikuwa yamekatwa. Pale alipoandika jina zima la mwimbaji na la wimbo palikuwa na herufi chache tu za mwanzo. Na nyimbo mbili hazikuwepo kabisa.

"Hakuna aliyegusa," Paskazia alisema. "Labda hukuzihifadhi vizuri."

"Nilizihifadhi."

"Za kwangu mbona zipo zote?"

Machibya alimtazama kwa namna ambayo Paskazia hakuisahau. Kisha akaandika majina upya, moja moja.

Ijumaa iliyofuata ikapita, na Jumamosi asubuhi Paskazia akakuta majina yamekatwa tena na nyimbo tatu hazipo. Sasa na yeye alianza kufikiri. Kwa nini nyimbo zipotee kila Machibya anapoondoka? Yeye ndiye aliyeziingiza, yeye ndiye aliyejua mahali pake, na kila Ijumaa alitoka na begi lililojaa kanda. Vituo vya redio vya watu binafsi vilikuwa vimeanza kuota kila mahali, navyo vilitafuta muziki. Mtu angeweza kuchukua mshahara wa Liaqat kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akauza kilekile alichotumwa kuleta.

Katikati ya Machi Machibya akaugua malaria. Alilala nyumbani wiki nzima, hakuingiza wimbo hata mmoja, na Jumamosi ya wiki hiyo hakuna kilichopotea. Paskazia alihesabu mara mbili. Alifunga daftari akajiambia kwamba sasa amepata jibu.

Alipopona, Machibya alikwenda Misungwi akarudi na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alikuwa amempata bibi mmoja aitwaye Mhoja, mwimbaji wa nyimbo za kulimia aliyejulikana tangu enzi za mkoloni. Koo lilikuwa limeanza kumsumbua, na watu wa nyumbani kwake walikuwa wakimkataza kuimba, lakini siku hiyo alikubali. Aliimba nyimbo kumi na moja.

"Sikilizeni," Machibya aliwaambia, akafungulia wimbo mmoja.

Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, lakini ilipanda bila haraka, na nyuma yake wanawake wawili walipokea. Liaqat, ambaye Kisukuma alijua cha biashara tu, aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Paskazia alikuwa mtu wa Ukerewe, naye hakuelewa kila neno, lakini alimkumbuka mama yake akiwa shambani. Jambo hilo lilimwudhi, kwa sababu hakutaka kukipenda kitu kilicholetwa na Machibya.

Machibya aliziandika zote kwa jina la Bibi Mhoja kwanza, kisha jina la wimbo. Kanda alizorekodia alizifuta ili azitumie tena wiki ijayo. Kanda tupu zilikuwa chache dukani, na Liaqat alikuwa amesema wazi kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta kipo salama.

Ijumaa hiyo Paskazia alimwekea mtego. Saa sita Machibya alipotoka na begi lake, na Liaqat alipofunga mlango wa mbele kwenda msikitini, Paskazia alikaa kwenye kompyuta akahesabu nyimbo za Mhoja. Zilikuwepo zote kumi na moja, na majina yake marefu. Akaandika hesabu hiyo na saa kwenye karatasi. Kisha akafanya kazi yake ya kila Ijumaa, kazi aliyofundishwa kule ushirika. Alizima kompyuta, akaingiza disketi yake, kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Alinakili kila kitu kwenda diski ya pili, akasafisha diski ya kwanza, akarudisha vyote mahali pake. Kule ushirika waliambiwa kwamba kompyuta isiyosafishwa kila wiki inakuwa nzito na mwisho inakufa. Tangu duka lipate kompyuta hakuwahi kuruka Ijumaa, na ndiyo maana, aliamini, ilikuwa nyepesi mpaka leo.

Programu ilimwuliza maswali kwa Kiingereza, kama ilivyouliza siku zote. Alibonyeza herufi aliyofundishwa kubonyeza. Siku hizi iliuliza mara nyingi zaidi kuliko zamani. Hata hilo alilihesabu kuwa kosa la Machibya. Kompyuta ilikuwa imejazwa mambo yake.

Saa tisa alihesabu tena. Wimbo wa Mhoja uliobaki ulikuwa mmoja.

Alikaa akiwa na karatasi mkononi. Mtu mwingine angejiuliza nani alikuwa chumbani kati ya saa sita na saa tisa. Paskazia aliwaza vingine. Magazeti yalikuwa yakiandika kuhusu virusi vya kompyuta, kwamba mtu anaweza kuviweka leo vikafanya kazi kesho, mwenyewe akiwa mbali. Machibya alisoma Dar. Alijua atakuwa ndani ya basi saa hizo, hakuna atakayemshuku. Kijana mwenye akili, aliwaza, na akili yake ndiyo iliyozidi kumtisha.

Kesho yake alikwenda stendi ya mabasi Nyegezi kumpelekea binti yake Odeta, aliyekuwa akisoma bweni, kifurushi cha sabuni na dagaa. Alipomaliza na kondakta, akasikia sauti ya Mhoja.

Ilitoka kwenye kibanda cha chai, kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Paskazia alisimama katikati ya mizigo ya watu. Ni wimbo uleule Machibya aliowafungulia Jumatatu, mmoja wa zile zilizopotea. Mwenye kibanda alimwona akisimama, akamkaribisha chai. Paskazia alitikisa kichwa akaondoka upesi. Aliona ameshapata alichokuwa akikitafuta.

Jumatatu alifika kabla ya wote na kumweleza Liaqat yote. Wiki ya malaria, karatasi ya hesabu, virusi, kanda ya Nyegezi. Liaqat alisikiliza akizungusha funguo kidoleni. Alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo wakichoka hukata mambo ghafla.

Machibya alipoingia, Liaqat hakumkaribisha kiti.

"Nyimbo za yule bibi zinapigwa Nyegezi. Zimefikaje huko, na humu ndani hazimo?"

"Hazimo?" Machibya alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Alitafuta, akatafuta tena. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Kumi zote? Bosi, kanda zenyewe nimeshafuta."

"Nimekuuliza zimefikaje Nyegezi."

"Sijui. Muulize anayebaki na kompyuta peke yake kila Ijumaa wewe ukiwa msikitini na mimi nikiwa njiani. Huyu mama hakunitaka tangu siku ya kwanza."

"Mimi?" Paskazia alisema. "Nina mwaka mzima na kompyuta hii, hakuna kilichowahi kupotea. Umekuja wewe, vimepotea."

Machibya alimtazama Liaqat, akasubiri. Liaqat alitazama mlango. Hakuna aliyemwambia Machibya neno mwizi, lakini saa nne hakuwa mfanyakazi tena, na saa sita majirani wote walikuwa wakijua sababu. Aliondoka na redio yake begani, bila kuaga.

Wiki mbili zikapita kwa amani. Paskazia alirudia namba zake, na kompyuta ikakoma kuuliza maswali mengi. Wiki ya tatu Liaqat mwenyewe aliingiza nyimbo za kwaali na za filamu za Kihindi ambazo familia moja iliziagiza kwa ajili ya harusi. Hakuwa na subira ya kuandika kwenye daftari. Akaziandika kwa majina, kama alivyomwona Machibya akifanya.

Jumamosi familia ikaja. Kati ya nyimbo ishirini na sita, tisa tu ndizo zilikuwepo, na majina yake yalikuwa yamekatwa vilevile.

Liaqat hakupandisha sauti. Aliwaomba wageni waje kesho kutwa. Walipotoka aligeuka akamtazama Paskazia, na Paskazia akayatambua yale macho. Ndiyo hayohayo yeye mwenyewe aliyomtazamia Machibya kwa miezi miwili.

"Machibya hayupo," Liaqat alisema.

"Aliacha virusi humo."

"Labda." Alichukua ufunguo wa chumba cha kompyuta uliokuwa ukikaa kwa Paskazia, akautia mfukoni mwake. "Jumatatu nitamwita mtu atazame."

Jumapili nzima Paskazia hakula vizuri. Kanisani alihisi kila anayemsalimia ameshasikia. Alijaribu kumkasirikia Machibya kama zamani, lakini hasira ilikuwa haimkai. Kila alipoishika, aliona ufunguo ule ukiingia mfukoni.

Aliyekuja Jumatatu ni Bhumika, binti wa Jasuben wa duka la vitambaa, ambaye alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha watu binafsi. Alimwamkia Paskazia, akavuta kiti, akafanya kazi saa nzima. Kisha akasema, "Virusi hakuna. Nimetafuta kwa programu mbili."

Liaqat alimtazama Paskazia tena.

"Mama," Bhumika alisema, "naomba ufanye mbele yangu kila kitu unachofanya siku ya Ijumaa. Usiruke hata kidogo. Hizi nimeweka nyimbo za majaribio, zina majina marefu. Zikiharibika hakuna hasara."

Paskazia aliona ni mtihani wa kumnasa. Hata hivyo hakuwa na la kuficha, akakaa. Alizima, akaingiza disketi, kioo kikawa cheusi. Akaanza kunakili. Programu ikauliza. Akabonyeza.

"Simama hapo, mama. Imekuuliza nini?"

"Inauliza kama niendelee."

"Ulifundishwa hivyo?"

"Kule ushirika walisema, kila ikiuliza, bonyeza hii."

Bhumika aliinama akasoma maandishi meupe, akayatafsiri taratibu. "Inasema kuna faili nyingine yenye jina hilihili. Inauliza, niifute ile niweke hii mahali pake?"

Paskazia aliondoa kidole kwenye kibodi.

"Programu yako ni ya zamani," Bhumika aliendelea, kwa sauti ya chini ambayo Liaqat alilazimika kusogea kuisikia. "Haijui jina linalozidi herufi nane. Ikikuta jina refu inalikata. Ukiwa na nyimbo kumi na moja zote zinaanza na jina la mtu mmoja, zikikatwa zinakuwa na jina moja. Basi kila unaponakili inayofuata, inaifuta iliyotangulia. Mwishoni inabaki moja. Namba zako hazizidi herufi nane na hazifanani, ndiyo maana hazikuguswa."

"Imekuwa ikiniuliza," Paskazia alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kila wimbo ilikuwa ikiniuliza, na mimi nasema ndiyo."

Liaqat alikaa juu ya boksi la kanda. Alisema kwamba na yeye ana kosa, kwani ndiye aliyesema kitu kikishaingia kwenye kompyuta kipo salama. Paskazia hakumsikia vizuri. Alikuwa akikumbuka vidole vyake Ijumaa ile. Alibonyeza mara kumi kwa nyimbo za Mhoja peke yake, akikasirika kwamba kompyuta imejazwa mambo ya Machibya.

Mchana huohuo alikwenda Nyegezi. Mwenye kibanda cha chai alimkumbuka.

"Wewe si ndiye uliyesimama hapa ukakataa chai?"

"Ndiye mimi. Ile kanda ya bibi wa Misungwi uliipata wapi?"

"Kwenu. Kwa Liaqat. Nilikwenda Alhamisi, mwenyewe akanirekodia. Kwani kuna ubaya?"

Kumbe ni Liaqat, Alhamisi, Paskazia akiwa ameruhusiwa kwenda benki. Liaqat alikuwa ameuza kanda hiyo na kusahau, kwa kuwa aliuza kanda nyingi na hakuna aliyemwuliza. Swali moja dogo pale kibandani, siku ile, lingetosha. Paskazia aliomba kuisikiliza. Ilikuwa na nyimbo sita. Mwenye kibanda alikubali kumwazima, akamsihi airudishe, maana abiria wa Shinyanga wanaipenda.

Jumamosi Paskazia alipanda basi kwenda Misungwi. Liaqat alimpa barua ya kumwomba Machibya arudi kazini. Alimkuta sokoni kwenye meza ya vipuri vya baiskeli, akifunga mnyororo. Machibya alimwona kwa mbali, akaendelea kufunga.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu ya umri tu.

"Marahaba. Machibya, ni mimi niliyezifuta."

Alimweleza yote akiwa amesimama, watu wakipita katikati yao kuulizia spoki. Hakujitetea kwa disketi wala kwa ushirika. Alipofika kwenye kanda ya Nyegezi alimwambia kwamba aliyeiuza ni Liaqat. Machibya aliisoma barua ya Liaqat, akaikunja.

"Mama yangu aliambiwa na watu waliotoka mjini," alisema. "Kabla sijafika nyumbani, alishaambiwa kwamba nimefukuzwa kwa wizi. Aliniuliza kama ni kweli. Mama yangu mzazi, aliniuliza."

"Nitakwenda kumwambia."

"Utakwenda. Lakini kurudi dukani sirudi."

Alifunga meza, wakaenda. Mama yake Machibya alimsikiliza Paskazia bila kumkatiza, akampa maji ya kunywa, akasema asante kwa kuja, basi. Kutoka hapo walikwenda kwa Mhoja.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, kitambaa kimezungushwa shingoni. Machibya alimweleza kwa Kisukuma. Mhoja aliuliza ni zipi zilizobaki, na Machibya akamtajia sita za kwenye kanda na ile moja ya kwenye kompyuta, lakini ile ilikuwa mojawapo ya hizo sita. Kwa hiyo tano zilikuwa zimepotea. Bibi aliwaza, akanyoosha vidole viwili. Hizo mbili ataweza, alisema. Tatu ni za kupokezana, na mwenzake aliyezijua alizikwa wiki iliyopita. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wawili waliosikika siku ile wakipokea nyuma.

Paskazia aliinamisha kichwa.

Mhoja aliimba mbili zile, akisimama kupumua katikati, Machibya akipokea kwa sauti yake ya kiume ambayo haikuzifaa nyimbo hizo za wanawake. Mara moja bibi alikohoa mpaka wakadhani ataacha. Hakuacha. Alipomaliza aliomba asikilizishwe, akasikiliza, akasema wa pili ameuharibu lakini wauchukue.

Machibya alirekodi nakala kwenye kanda nyingine kwa ajili ya duka. Alivunja vijino viwili vya plastiki vya nyuma ya kanda hiyo kwa bisibisi, ili isiweze kurekodiwa juu tena. Ile ya kwanza aliitia mfukoni mwake. Kisha akatoa daftari dogo la shule, akaandika tarehe, jina la Mhoja na majina ya nyimbo mbili, akamsogezea Paskazia pamoja na kalamu.

"Andika kwamba umepokea."

Paskazia alimtazama. Uso wa Machibya haukuwa na hasira wala dharau. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu yeyote anayemkabidhi mwingine kitu asichokuwa na uhakika kitafika.

Alipokea kalamu, akaandika jina lake lote, akatia sahihi.